Mama kapewa mofini, kaka anakunywa methadoni: chupa niiweke wapi?

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa watoto wawili wadogo. Naishi Temeke kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, pamoja na mama yangu, mama mdogo na kaka yangu mkubwa. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi amemaliza pale hospitali ya saratani ya Ocean Road na damu imekata, lakini maumivu ya kiuno yanayoshuka mpaka mguu wa kushoto hayajamwachia. Usiku anauma ncha ya kanga ili wajukuu wasimsikie. Kliniki iliyopita daktari alimwandikia mofini ya maji, akasema tumpe kila baada ya saa nne, hata kama wakati huo halalamiki.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Kaka yangu alikula unga miaka mingi. Alianza na kokteli za kijiweni, yaani unga uliochanganywa na bangi kwenye sigara, akaishia kwenye sindano. Aliuza redio, mtungi wa gesi, mpaka mlango wa chumba cha uani. Akipata arosto, yale mateso ya mwili uliokosa unga, mama ndiye aliyekuwa akimfuta matapishi na kumfulia mashuka. Sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, kila asubuhi hospitali ya Temeke, anaosha magari, amenenepa, na mtaani wameanza kumwita kwa jina lake badala ya "teja". Sitaki kumharibia.

Mama aliposikia kwamba mofini ni ndugu wa unga, aligoma. Akasema, "Nimemwona mwanangu. Mimi sifi teja." Mama mdogo naye kashikilia hapo hapo. Anampa nusu ya kipimo, tena mpaka mama alie. Akiona haitoshi anamnunulia tramadoli duka la dawa, anasema hiyo ni dawa ya kawaida ya maumivu, haina mambo ya unga. Binamu yetu aliyeko Minneapolis katuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia: huko Marekani dawa hizi zimemaliza vijana, tuimwage chooni.

Mimi nimeamua kuibeba chupa kwenye mkoba niende nayo kazini, maana nikiiacha nyumbani roho inaniruka nikimfikiria kaka. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi magharibi. Mchana mama anakaa bila dawa.

Naomba unijibu bila kunificha. Mofini na unga ni kitu kimoja? Mama atakuwa teja? Kaka nimpeleke kwa baba mdogo Chalinze mpaka jambo hili lipite? Nimwambie kuhusu chupa au ninyamaze? Na la mwisho, mwezi ujao kuna arusi Korogwe na mama ameapa kwenda. Polisi wakitukuta njiani na chupa ya mofini, nani atatuelewa?

Mwenye chupa, Temeke

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuuguza.

Naanza na mkoba wako, kwa sababu humo ndimo yalimo mateso ya mama. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne tu. Ukimpa saa kumi na mbili alfajiri, ikifika saa nne asubuhi imekwisha. Kuanzia hapo mpaka unarudi magharibi ni saa nane za maumivu makavu. Kisha dozi ya jioni inakuta maumivu yamekwishapanda, haitoshi, na mama mdogo anapata hoja: mnaona, dawa yenyewe haifanyi kazi! Maumivu ya saratani huzuiwa kabla hayajapanda. Moto huzimwa ungali kwenye kuni. Ukishashika paa, ndoo ile ile ya maji haitoshi. Daktari alikupa saa za kumpa dawa. Hakukuambia usubiri alie. Kwa hiyo chupa ibaki nyumbani, na mahali pa kuiweka nitakuambia mbele.

La pili lisilosubiri ni tramadoli. Mama mdogo ana nia njema, ila hiyo anayoiita dawa ya kawaida nayo ni ya jamii ya afyuni, sawa na mofini. Ni dhaifu zaidi, na hutengenezwa kiwandani badala ya kutoka kwenye mmea, lakini inakwenda kushika mahali pale pale kwenye ubongo, na wapo watu wengi walionasa kwayo. Ikizidi huleta degedege. Ikichanganywa na mofini, usingizi wa hii na wa ile hujumlishana, na pumzi hupungua. Kama mama alipewa pia vidonge vya amitriptilini kwa ajili ya ule mguu, kwa kuwa maumivu yanayoshuka namna hiyo mara nyingi ni ya mshipa wa fahamu, mchanganyiko unazidi kuwa mbaya. Wapigie simu kliniki, au nenda mwenyewe na pakiti mkononi. Waambie amemeza vingapi kwa siku na kwa muda gani, na kwamba mofini alikuwa akipewa nusu. Usione aibu. Wakijua hayo ndipo watakapokuambia kipimo gani aendelee nacho.

Sasa swali lako. Mofini na unga ni ukoo mmoja, na mama hakukosea aliposema hivyo. Vyote vinatokana na utomvu wa tumba la mmea wa afyuni. Mfamasia kijana wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, ndiye aliyeitenga mofini kutoka kwenye utomvu huo mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1874 mkemia mmoja wa London aliichemsha mofini pamoja na kemikali nyingine akapata kitu kipya, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikakiingiza sokoni kwa jina la heroini. Ilikuwa dawa ya kikohozi! Huo ndio unga aliokuwa akila kaka yako. Na ukishaingia mwilini, mwili huugeuza tena kuwa mofini. (Bhangi, mirungi na kokeini haviko kwenye ukoo huu, ingawa mtaani vyote hutiwa kapu moja. Vina balaa zake, lakini ni nyingine.)

Mwili wenyewe hutengeneza vitu vya namna hii, kidogo kidogo, vya kutuliza maumivu na kumpa mtu utulivu. Vina mahali pake pa kushika: kwenye ubongo, kwenye uti wa mgongo, hata kwenye utumbo. Dawa za jamii ya afyuni zinashika hapo hapo. Zikishika uti wa mgongo, habari ya maumivu haifiki juu kwa nguvu. Zikishika utumbo, choo kinakuwa kigumu. Zikishika sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi, mtu anapumua polepole, na zikizidi anasahau kupumua kabisa. Hivyo ndivyo unga unavyoua, na ndiyo sababu mofini ya mama ina kipimo.

Tofauti iko katika namna inavyoingia, kiasi chake na kazi iliyotumwa kufanya. Kaka alijidunga kitu asichojua kina nguvu kiasi gani, kimechanganywa na nini, kikafika kwenye ubongo ndani ya sekunde. Kilimpandisha ghafla kikamshusha ghafla, akakitafuta tena. Mofini ya mama inapita tumboni, inapita kwenye ini, inapanda taratibu. Kipimo kinajulikana mpaka tone, nacho huanza chini na kuongezwa kidogo kidogo kadiri maumivu yanavyosema. Mgonjwa wa namna hii hapati ile raha anayoifuata mla unga. Anachopata ni kuweza kukaa, kula na kulala.

Je, atakuwa teja? Hapa kuna vitu viwili ambavyo watu huvikoroga. Kimoja ni mwili kuzoea. Mama akinywa mofini kwa wiki kadhaa, mwili wake utaizoea. Ukiikata siku moja ghafla, atatoka jasho, ataharisha, atatetemeka, kamasi zitamtoka. Ndiyo, arosto ile ile aliyomwona nayo mwanawe, na sitaki ulisikie hilo kwa mara ya kwanza siku litakapotokea. Inamaanisha kwamba dawa hii haikatwi kwa siku moja. Ikiwa mionzi imekipunguza kivimbe na maumivu yamelegea, daktari anaishusha hatua kwa hatua mpaka inakwisha, na mgonjwa hasumbuki. Kitu cha pili ndicho uraibu: akili kutekwa, mtu kuitafuta dawa ingawa inamharibia, kuuza mlango wa nyumba ili aipate. Siwezi kukuambia kwamba hilo haliwezekani kabisa kwa mgonjwa wa saratani, lakini si kawaida kwa mtu anayekunywa mofini kwa saa na kwa kipimo chini ya macho ya kliniki. Nimekuwa muuguzi miaka mingi. Ninachokikumbuka wodini ni wagonjwa waliokuwa wakiomba dawa kwa sauti kwa sababu walikuwa wakipewa kidogo, halafu sisi tukawaita wasumbufu.

Kuna neno jingine ambalo mama hajalisema ila huenda analo moyoni, kwamba mofini ni dawa ya kumsindikiza mtu. Hapana. Ikitolewa ipasavyo haimharakishi mtu kufa. Wako wanaoinywa miezi na miezi wakienda sokoni. Na kama kuna wasiwasi wa haramu, muulizeni sheikh wenu, lakini mwambieni ukweli wote: kwamba ni dawa ya hospitali, kwa kipimo, kwa mgonjwa. Tiba ya dharura ina mlango wake katika dini.

Binamu yako wa Minneapolis usimkasirikie. Anachokiona huko ni cha kweli. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza vidonge vya OxyContin, navyo ni vya jamii hii hii, ikiwatuliza madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Vikaandikwa kwa watu wenye maumivu ya mgongo ya kila siku, kwa chupa nzima nzima, miaka na miaka. Mwaka 2007 kampuni ilikiri mahakamani kwamba iliitangaza dawa hiyo kwa kupotosha, na mwaka 2020 ikakiri makosa ya jinai kwa mara nyingine. Walionasa kwenye vidonge wengi walihamia kwenye heroini, kisha ikaja fentanili ya magendo, nayo ya jamii hii hii, ambayo punje yake tu huua. Huo ni msiba wa dawa nyingi mno mikononi mwa watu wasiozihitaji.

Wa kwetu uko upande wa pili. Mwaka 2017 kamati ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la tiba la Lancet ilihesabu dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani kwa mwaka: karibu tani 299. Nchi maskini zote kwa pamoja zilipata kilo 100, yaani sehemu ya kumi ya tani moja. Wengine wote ambao saratani iliwakuta huku wakauma kanga. Hata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa sheria za kupambana na dawa za kulevya duniani, unasema tangu mwanzo kwamba matumizi ya dawa hizi hospitalini kwa kuondoa maumivu hayana mbadala na lazima zipatikane. Jirani zetu wa Uganda walilielewa hilo mapema. Waliitengeneza mofini ya maji kwa poda ya mofini ya bei nafuu, wakaigawa bure, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Kwa hiyo mjibu binamu kwa adabu: chupa iliyoko Temeke imetoka mbali mno kumwagwa chooni.

Tuje kwenye kumpa mama dawa yenyewe. Tumia kile kikombe cha vipimo au bomba lisilo na sindano ulilopewa, siyo kijiko cha chai, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Soma lebo kila unapoletewa chupa mpya, kwa kuwa mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti, na chupa mbili zinazofanana zinaweza kuzidiana mara kumi. Uganda huzitia rangi ili watu wasikosee, lakini usitegemee rangi, tegemea maandishi. Nunua daftari dogo, andika saa na kiasi, na nani ametoa. Akipata maumivu ya ghafla kabla ya saa kufika, kuna dozi ya ziada. Waulize kliniki ni kiasi gani, na kila unapoitoa iandike, kwa kuwa zikiwa nyingi ndiyo ishara kwamba kipimo cha kawaida ni kidogo. Ya usiku pia iulize: mara nyingi huongezwa wakati wa kulala ili mgonjwa asiamshwe. Ni chungu, mpe na juisi.

Siku mbili tatu za kwanza atasinzia sana na huenda akatapika. Usitishike. Mtu ambaye hajalala wiki kadhaa akipata nafuu hulala. Choo ndicho hakizoei. Mofini bila dawa ya kulainisha choo ni kazi nusu, nami nashangaa wangapi wanaacha mofini kwa sababu ya choo tu wakidhani imewadhuru. Kama hakupewa bisakodili au nyingine ya namna hiyo, idai. Papai na maji ya kutosha vinasaidia, lakini peke yake havitoshi.

Na hili liweke akilini kuliko yote kwa ugonjwa wa mama yako. Saratani ya mlango wa kizazi inaweza kubana mirija ya mkojo, figo zikashindwa polepole. Mofini hutoka mwilini kupitia figo. Zikishindwa, kipimo kilichokuwa kikimfaa jana kinaanza kulundikana. Ukiona mkojo umepungua, miguu imevimba, anasinzia kuliko mwanzo, anaruka ruka misuli au anaongea na watu wasiokuwepo, usingoje tarehe ya kliniki.

Mama mwenyewe ana akili zake timamu, na mwili ni wake. Usimtilie dawa kwenye chai kwa siri. Siku akigundua hatakunywa hata chai yako. Mimi ningemwachia kaka yako kazi ya kumshawishi.

Umeshtuka, lakini fikiri kidogo. Methadoni anayokunywa kila asubuhi nayo ni ya jamii ya afyuni. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, haimpandishi wala haimshushi, arosto haimkuti, na ndiyo maana anaweza kuosha gari la mtu na kurudisha chenji. Mwili wake umeizoea, akiikosa ataumwa. Lakini hauzi milango. Mama anamwona kila siku mtu anayekunywa dawa ya ukoo ule ule kwa kipimo, mbele ya muuguzi, na amepata uzima kwayo. Mtoto aliyepitia unga na sasa yuko kwenye dawa ndiye mtu pekee katika nyumba yenu anayejua vyote viwili. Akae kitandani kwake amwambie, "Mama, ile niliyokuwa nakula mimi siyo hii." Daktari hawezi kulisema likaingia namna hiyo.

Hivyo jibu la kumficha umelipata. Mwambie. Tena usingoje aione chupa mwenyewe ajue kwamba mlikuwa mnamkwepa, maana kwa mtu anayejaribu kusimama hakuna kinachokatisha tamaa kama nyumba inayonyamaza anapoingia. Muulize waziwazi: chupa hii humu ndani itakusumbua? Anaweza kusema haitamsumbua. Anaweza pia kusema itamsumbua, na hilo ni jibu la mtu mzima, basi mwambie alipeleke kwa mshauri wake kliniki. Sikuambii umwamini kwa macho yaliyofumba. Tamaa ya unga inarudi hata baada ya miaka. Kwa hiyo funguo asishike yeye, na mwambie hivyo usoni, kwamba ni kwa ajili ya kumpunguzia mzigo. Wengi wao wanashukuru.

Chalinze usimpeleke. Methadoni ya Temeke hunywewa Temeke, kila siku. Akiwa Chalinze atakosa siku moja, kisha tatu, na akirudi hawawezi kumpa kipimo chake cha zamani moja kwa moja kwa sababu mwili umeanza kuisahau. Katika siku hizo ndipo kijiwe humwita mtu. Na mtu aliyepumzika unga akirudia kiasi alichokuwa akikiweza zamani, hicho ndicho humuua. Tumewazika wengi waliotoka jela au nyumba za upataji nafuu wakiwa wazima kabisa.

Kusema kweli, wewe unamwogopa kaka, na mimi nawaogopa wanao. Chupa ya maji maji kwenye mkoba wako, mtoto amekuja kutafuta pipi! Kiasi kinachomtuliza bibi kinaweza kusimamisha pumzi ya mjukuu. Nunua kisanduku cha chuma chenye kufuli, kiwe juu ya kabati chumbani kwa mama, mbali na jua. Funguo mbili: moja yako, moja ya mama mdogo, kwa kuwa yeye ndiye atakayetoa dozi za mchana. Ndiyo, mama mdogo huyo huyo. Kliniki ijayo usiende wewe, mpeleke yeye, muuguzi amweleze mwenyewe kwa kinywa chake na amwachie daftari. Mtu aliyekabidhiwa kazi na hospitali habishani nayo sana. Kila jioni angalieni chupa imeshuka kiasi kinacholingana na daftari.

Nyote mjue dalili za kuzidiwa, na kaka yako awafundishe, anazijua kuliko mimi. Mtu haamki hata ukimsugua kifua kwa nguvu kwa vifundo vya vidole. Anakoroma kwa mgugumio, pumzi ni chache na zinaachana, midomo na kucha zinabadilika rangi. Mboni ndogo peke yake isiwatishe, kila anayekunywa mofini anakuwa nayo. Mkiona hayo, msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa, msimwache "alale imtoke". Akiwa anapumua mlazeni ubavu, kama hapumui mlazeni chali mpulizieni pumzi mdomoni, huku mwingine anatafuta usafiri, hata bajaji. Hospitali kuna dawa inayoitwa naloksoni, inaing'oa afyuni pale iliposhika ndani ya dakika chache, lakini watahitaji kuambiwa alichokunywa. Semeni. Mtoto akionja, hata kama anacheza vizuri, nendeni bila kungoja dalili. Na kwa kaka: mofini, unga, pombe au vidonge vya usingizi juu ya methadoni ni hatari ile ile, naye analijua hilo, lakini lisemwe.

Korogwe nendeni. Mofini iliyoandikwa na daktari kwa jina la mama ni mali yake halali. Wiki moja kabla, omba kliniki barua yenye muhuri inayotaja jina lake, dawa na kiasi. Beba kadi ya hospitali na cheti cha dawa, na dawa ibaki kwenye chupa yake yenye lebo. Usiihamishie kwenye chupa ya soda ili "isionekane", hapo ndipo utakapoonekana. Chukua ya kutosha na siku mbili za ziada, kwa sababu huwezi kutegemea kuipata mofini duka la dawa njiani. Ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiende buti la basi. Basi likichelewa, saa ya dawa ikifika humo humo ndani mpimie anywe, abiria wakitazama watazame. Na kaka, kama mnataka awe nanyi arusini, aende kliniki yake sasa hivi aulize utaratibu wa methadoni kwa siku za safari, asingoje wiki ya arusi.